Sura ya Sita: Nani Hulipia Siku ya Theluji?

Jumanne ya tarehe 28 Januari 2014, karibu na adhuhuri, theluji ilianza kudondoka mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Haikuwa nyingi. Kina chake hakikuzidi sentimita 7, kiasi ambacho mkazi wa Minnesota au Maine hukifagia mlangoni kisha akaenda zake kazini. Lakini Atlanta si mji wa theluji, na siku hiyo shule, ofisi za serikali na kampuni binafsi ziliwaruhusu watu kurudi nyumbani karibu wakati mmoja. Magari yakamiminika barabarani, matairi yakaishindilia theluji mpaka ikawa barafu, na malori ya kumwaga chumvi yakakwama ndani ya foleni ile ile yaliyotumwa kuifungua.

Usiku ulipoingia, maelfu ya watoto wa Georgia na wa jimbo jirani la Alabama walikuwa hawajafika kwao. Wengine walikuwa ndani ya mabasi ya shule yasiyosonga. Wengine walilala shuleni, sakafuni, wakiwa na walimu, wapishi na walinzi ambao nao walikuwa na watoto wao mahali pengine. Wazazi waliacha magari kando ya barabara kuu wakatembea kwa miguu gizani kuwafuata wanao. Askari wa Jeshi la Ulinzi la Taifa waliitwa kusaidia, na hatimaye watoto wakafika nyumbani salama. Siku chache baadaye gavana wa Georgia, Nathan Deal, aliomba radhi hadharani.

Viongozi wa elimu walijifunza somo moja kutokana na usiku ule: ukiona dalili, funga shule mapema. Ni somo sahihi, nami sitalipinga hata kidogo katika sura hii. Lakini lina nusu ya pili ambayo mpaka leo haijafundishwa. Shule ikifungwa alfajiri, kuna mtu mzima ambaye lazima abaki na mtoto, na kubaki huko kuna gharama. Gharama hiyo haionekani katika bajeti ya wilaya wala ya mwajiri. Inamwangukia mzazi anayelipwa kwa saa, na inamwangukia mwalimu. Hawa wawili ndio wanaolipia siku ya theluji, na hawakuulizwa.

Kwa nini shule hufungwa

Anayedhani kufunga shule kwa sababu ya theluji ni kuwadekeza watoto anapaswa kukumbuka tarehe 12 Januari 1888. Asubuhi hiyo, katika nyanda za Nebraska, Minnesota na Dakota, hali ya hewa ilikuwa ya uvuguvugu usio wa kawaida kwa Januari. Watoto wengi walikwenda shule bila makoti mazito. Kisha dhoruba ikashuka kwa ghafla, upepo ukapeperusha theluji laini kama vumbi hadi mtu asiweze kuona mkono wake mwenyewe, na joto likaporomoka. Watu wanaokadiriwa kufika 235 walikufa, wengi wao wakiwa watoto waliokuwa wakirudi kutoka shule.

Uamuzi wa siku ile ulikuwa mikononi mwa walimu, wengi wao mabinti wadogo waliokuwa peke yao katika shule za chumba kimoja. Minnie Freeman, huko Nebraska, alipoona jengo limeanza kubomolewa na upepo, aliwakusanya wanafunzi wake na kuwaongoza hadi nyumba ya jirani, wakapona wote. Magazeti yalimfanya shujaa wa taifa. Katika jimbo hilo hilo, mwalimu Lois Royce aliishiwa kuni, akatoka na watoto watatu kuelekea nyumba aliyokuwa akikaa. Walipotea njia. Usiku ule watoto wote watatu walimfia kwa baridi, na yeye alinusurika lakini akakatwa miguu. Mabinti hao wawili walikuwa na ujasiri ule ule. Kilichowatenganisha ni umbali, upepo na bahati.

Tangu hapo jamii ilikubali jambo la maana: maisha ya mtoto yasitegemee bahati ya mwalimu. Leo hatari inapimwa kwa utaratibu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina jedwali linaloonyesha jinsi upepo unavyozidisha baridi mwilini. Joto likishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Mtoto anayesubiri basi lililochelewa kituoni hana zaidi ya dakika hizo. Ndiyo sababu Januari 2014 gavana wa Minnesota, Mark Dayton, alizifunga shule zote za umma za jimbo kwa ajili ya baridi peke yake. Agizo la namna hiyo halikuwa limetolewa kwa miaka 17.

Saa kumi alfajiri

Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na kwa kawaida kila moja huamua yenyewe. Anayeamua ni mkurugenzi wa elimu wa wilaya. Usiku wa theluji mkurugenzi huamka kama saa tisa au saa kumi alfajiri. Wengine huingia garini na kuzipima barabara wenyewe, hasa za vilimani na za vijijini ambako greda za kusukuma theluji hufika mwisho. Huzungumza na msimamizi wa mabasi, na idara ya barabara, na polisi, na wakurugenzi wa wilaya jirani. Huuliza kama madereva wa kutosha wanaweza kufika, kama tanuri za kupasha joto majengo zinafanya kazi, kama viwanja vya kuegesha magari vimesafishwa, kama njia za watembea kwa miguu zinapitika. Kufika saa kumi na moja na nusu inambidi awe ametangaza, kwa sababu mabasi ya kwanza hutoka muda mfupi baadaye.

Akifunga na theluji isije, atalaumiwa. Asipofunga na basi likateleza, hatajisamehe. Ni uamuzi mgumu unaofanywa kwa nia njema, na mara nyingi ni uamuzi sahihi.

Sasa tumfuate mtu aliye upande wa pili wa ujumbe huo. Simu yake inalia saa kumi na moja na nusu. Zamu yake katika nyumba ya kutunzia wazee, ghala au kiwanda cha nyama inaanza saa moja. Ana saa moja na nusu ya kumpata mtu wa kukaa na watoto, katika mtaa ambao kila mzazi mwingine anatafuta mtu huyo huyo. Anampigia jirani: dada, naomba unikalie na watoto hadi saa kumi. Jirani naye ana zamu. Vituo vingi vya kulelea watoto hufuata ratiba ya shule, kwa hiyo navyo vimefungwa. Bibi na babu wako mji mwingine, au nchi nyingine. Kilichobaki ni mambo mawili: kukosa kazi, au kumwachia mtoto wa miaka kumi na mmoja wadogo zake wawili na kuomba Mungu.

Kuna tangazo jingine ambalo wazazi wengi huliogopa zaidi kuliko kufungwa kabisa, nalo ni la kuchelewesha kufungua kwa saa mbili. Mkurugenzi huliona kuwa njia ya kati ya busara, kwani greda hupata nafasi na jua huchomoza. Kwa mwenye zamu ya saa moja asubuhi, kuchelewa kwa saa mbili kunaharibu siku nzima. Hawezi kuchukua ruhusa ya siku, kwa kuwa shule itafunguliwa. Wala hawezi kufika kazini kwa wakati, kwa kuwa shule bado haijafunguliwa.

Sheria isiyomjua mzazi

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna mahali ambapo methali hii inafaa kuliko katika sheria za kazi za Marekani.

Sheria ya mwaka 1938 inayosimamia mishahara nchini humo inawagawa wafanyakazi katika makundi mawili makubwa. Mwenye mshahara wa mwezi katika kundi la juu hulipwa hata kama ofisi imefungwa siku moja kwa theluji. Anayelipwa kwa saa hulipwa saa alizofanya kazi tu. Sheria ya mwaka 1993 ya likizo ya familia na matibabu inatoa hadi wiki 12 bila malipo kwa ajili ya uzazi au ugonjwa mzito. Shule kufungwa kwa theluji haimo. Sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Baadhi ya majimbo na miji imeziba pengo hilo kwa kiasi, lakini mzazi anayeishi nje ya maeneo hayo anategemea huruma ya msimamizi wa zamu. Katika sehemu nyingi za kazi, kukosa zamu huandikwa kama alama mbaya, na alama zikifika idadi fulani kazi imekwisha. Mzazi mwenye watoto wawili anaweza kuzimaliza alama hizo katika Februari moja yenye theluji nyingi.

Hivyo siku ile ile, katika mtaa ule ule, mama mmoja anafungua kompyuta mpakato mezani jikoni, anaandika barua zake za kazi huku watoto wakijenga sanamu ya theluji uani, na mshahara wake haupungui hata senti. Mama wa nyumba ya pili anapoteza ujira wa siku nzima, na pengine kazi yenyewe. Theluji iliwaangukia wote wawili kwa kina kile kile.

Haya hayakuandikwa mbinguni. Uingereza, mfanyakazi ana haki ya kisheria ya kutoka kazini kumshughulikia mtegemezi wake pale mpango wa malezi unapovurugika ghafla. Kwa kawaida halipwi, lakini hawezi kuadhibiwa kwa hilo. Quebec, jimbo la Kanada linaloijua theluji kuliko wengi, sheria inampa mfanyakazi siku 10 kwa mwaka kwa ajili ya malezi, afya au elimu ya mtoto, na tangu 2019 mbili za kwanza zina malipo kwa aliyefanya kazi miezi mitatu. Siku mbili si nyingi. Lakini kwa mzazi wa zamu, siku mbili zenye malipo na ulinzi wa kazi ndizo zinazomwezesha kupokea simu ya alfajiri bila kutetemeka.

Sahani ya mchana

Februari 2014, wiki chache baada ya Atlanta, mji wa New York ulipigwa na dhoruba. Alhamisi ya tarehe 13, meya Bill de Blasio na mkuu wa elimu wa jiji, Carmen Fariña, waliamua shule zibaki wazi. Chini ya nusu ya wanafunzi walihudhuria. Walimu walifika wamelowa na kuchoka, wengine baada ya saa nyingi njiani. Lawama ziliwashukia viongozi hao kutoka pande zote, na Fariña alizidi kukosolewa aliposema siku ile ilikuwa imegeuka nzuri.

Lakini sababu yao moja ilistahili kusikilizwa kuliko ilivyosikilizwa. Walisema wazazi wengi wa jiji hawana namna ya kukosa kazi, na watoto wengi hupata shuleni chakula cha moto pekee watakachokula siku hiyo. Hilo halikuwa jambo la kutia chumvi. Mpango wa taifa wa chakula cha mchana shuleni, ulioanzishwa kwa sheria aliyotia saini Rais Harry Truman mwaka 1946, hulisha watoto karibu milioni 30 kila siku ya masomo, wengi wao bure au kwa bei iliyopunguzwa. Shule inapofungwa siku mbili mfululizo, mzazi ambaye amepoteza ujira wa siku mbili anapaswa pia kupata kifungua kinywa na chakula cha mchana ambavyo hakuvipanga katika bajeti ya wiki. Siku moja ya theluji inamkata mara mbili, kwenye mapato na kwenye matumizi.

Mwalimu naye ana watoto

Katika mijadala ya siku za theluji mwalimu hutajwa kama mtu aliyepata mapumziko. Anayesema hivyo hajamtazama mwalimu vizuri.

Zaidi ya robo tatu ya walimu wa shule za umma Marekani ni wanawake, na wengi wana watoto wadogo. Walimu wengi hawaishi katika wilaya wanayofundisha, mara nyingine kwa sababu hawamudu kodi za nyumba za huko. Basi asubuhi ya theluji mwalimu husubiri jumbe mbili, mmoja wa wilaya anayofundisha na mwingine wa wilaya anayosoma mwanawe. Wilaya ya mtoto ikifungwa na ya kazi ikafunguliwa, anakuwa mzazi aliyekwama kama wengine wote, isipokuwa kwamba wanafunzi ishirini na watano wanamngoja, na walimu wa akiba hawapatikani siku kama hiyo.

Kisha kuna kalenda. Majimbo mengi hutaka siku 180 za masomo kwa mwaka, na Massachusetts huziagiza shule zake zipange 185 ili tano ziwe akiba ya dharura. Majira ya baridi ya 2014 hadi 2015, Boston ilipokea zaidi ya sentimita 275 za theluji, nyingi zikianguka ndani ya wiki chache, na akiba ya namna hiyo haikutosha. Siku zilizopotea husogezwa hadi mwisho wa Juni. Lakini mitihani haisogei. Mitihani ya taifa ya masomo ya juu ya sekondari hufanyika Mei kwa tarehe zile zile nchi nzima, awe mwanafunzi anatoka Florida yenye jua au Vermont yenye barafu. Mwalimu wa Vermont hulazimika kuibana wiki nzima ya hesabu katika siku mbili, na siku za Juni anazorudishiwa humfikia mtihani ukiwa umekwisha.

Utafiti unatoa picha ya kuvutia hapa. Dave Marcotte na Steven Hemelt, walipochunguza shule za Maryland, waligundua kwamba miaka yenye kufungwa kwingi ilishusha idadi ya wanafunzi waliofaulu, hasa wa madarasa ya chini. Joshua Goodman, akitumia takwimu za Massachusetts za 2003 hadi 2010, alipata jambo tofauti: kufungwa kwa shule hakukuathiri matokeo, bali kilichoathiri ni utoro wa mwanafunzi mmoja mmoja siku ambazo shule ilikuwa wazi. Maelezo yake yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Wote wakikosa siku, mwalimu anaendelea na wote kutoka palipoishia. Nusu wakikosa, kesho yake ana madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, na kila akimrudia mmoja anamwacha mwingine.

Kwa hiyo shule iliyo wazi kwa jina tu, huku nusu ya viti vikiwa vitupu, inaweza kumgharimu mwalimu kuliko shule iliyofungwa. Anayedai shule zibaki wazi kwa ajili ya wazazi lazima aseme pia watoto watafikaje.

Na tusiwasahau watu ambao hawana darasa: madereva wa mabasi, wapishi, wasaidizi wa walimu. Wengi hulipwa kwa saa, na pasipo makubaliano ya chama cha wafanyakazi, shule ikifungwa na ujira wao unafungwa. Baadhi yao ndio wazazi wa wale watoto wanaokula chakula cha bure.

Darasa la jikoni

Baada ya janga la Uviko-19, wengi waliamini tatizo limepata dawa: siku ya theluji iwe siku ya masomo ya mtandaoni. Jumanne ya tarehe 13 Februari 2024 New York ilijaribu, na mfumo wa kuingia ukazidiwa. Wanafunzi na walimu wengi wakabaki nje ya madarasa yao asubuhi hiyo. Hitilafu ya mitambo hurekebishika. Kisichorekebishika ni kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kusoma mtandaoni bila mtu mzima kando yake. Masomo ya namna hii hayamwondolei mzazi hitaji la kubaki nyumbani. Yanamwongezea kazi ya ualimu msaidizi. Na mwalimu hufundisha watoto wa watu kupitia kioo huku mwanawe wa miaka mitatu akimvuta nguo.

Ujumbe kwa lugha gani?

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Tangu miaka ya 2010 hadi 2024, wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyopokewa Marekani, na pamoja nao Warundi na wengine waliokulia kambini Tanzania, Uganda na Kenya. Familia hizi ziko Buffalo, Portland ya Maine, Des Moines, Louisville na miji mingine ambako baridi ni kali. Kazi zao za kwanza mara nyingi ni zile za zamu na za kulipwa kwa saa. Wamemwacha nyuma shangazi, nyanya na jirani ambaye angemchukua mtoto bila hata kuombwa. Halafu ujumbe wa saa kumi na moja na nusu unafika kwa Kiingereza. Mzazi asiyeusoma humvalisha mtoto, humpeleka kituoni, na mtoto husimama pale kwenye baridi akingoja basi ambalo halitakuja.

Sheria ya haki za kiraia ya 1964 kwa muda mrefu imefasiriwa kuwa inazibana shule zinazopokea fedha za taifa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Sauti iliyorekodiwa kwa Kiswahili ikisema leo shule imefungwa haigharimu wilaya chochote cha maana. Wazazi wetu walio huko wana haki ya kuidai, na wasione aibu kuidai.

Kugawana mzigo

Desemba 2022, Buffalo ilipatwa na dhoruba mbaya kuliko zote za kizazi chake. Ijumaa ya tarehe 23, shule nyingi zilikuwa zimekwisha kutangaza kufungwa. Marufuku ya kusafiri ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi, wakati wafanyakazi wengi walikuwa tayari wameshakwenda kazini. Dhoruba ile iliua watu wapatao 47 mjini humo na katika maeneo ya jirani, baadhi yao wakiwa wamenasa ndani ya magari. Mpangilio wa saa za siku ile unaeleza yote ninayotaka kusema. Tumejifunza kumlinda mtoto na barabara, lakini hatujajifunza kumlinda mzazi wake.

Marekebisho yanajulikana. Uamuzi wa kufunga utolewe jioni iliyotangulia kila utabiri unaporuhusu, kwa sababu saa kumi za maandalizi si sawa na saa moja na nusu. Sheria imhakikishie mzazi siku chache za malipo kwa ajili ya shule iliyofungwa, na imzuie mwajiri kumhesabia makosa. Wapishi na madereva walipwe siku ya theluji kama walimu. Pale barabara zinapopitika, shule za mitaa zifungue majiko yao hata kama madarasa yamefungwa, na mtoto apewe chakula cha siku mbili dhoruba inapokaribia. Mitihani iheshimu kalenda ya majimbo yenye baridi. Na barabara iliyo hatari kwa basi la shule ihesabiwe kuwa hatari pia kwa mama anayekwenda kuogesha na kulisha wazee wa wengine.

Yote haya yana gharama, na watakaopinga wataitaja gharama hiyo kwanza. Wajibiwe kwamba gharama haiundwi na mageuzi haya. Ipo tayari, inalipwa kila Januari na kila Februari, na inalipwa na wale wenye kidogo zaidi. Jamii inayofunga shule kwa ajili ya usalama wa wote inapaswa kulipia usalama huo kwa fedha za wote.